MWIMBAJI ALIYELALA NZAUI
Maisha na huduma ya Mchungaji Peter Cameron Scott (1867–1896)



Kamati ya jubilii iliponipa kazi ya kuandika maisha ya mwanzilishi wa misheni iliyozaa kanisa letu la Africa Inland, nilidhani nitaandika habari za mmisionari wa zamani, basi. Nilipozikusanya habari zake nikagundua kwamba kabla ya kuwa mmisionari alikuwa mwimbaji. Kwa hiyo leo, kwaya yetu ya hapa Wamunyu inapotimiza miaka 25, tunamkumbuka kama mwenzetu.

KUZALIWA NA UJANA

Peter Cameron Scott alizaliwa tarehe 7 Machi 1867 mjini Glasgow, Uskoti. Mwaka 1879 wazazi wake walihamia Marekani pamoja na watoto wao, wakakaa Philadelphia. Lilikuwa boma la watu wanaomcha Mungu. Kijana Peter alijaliwa sauti nzuri, akapata mafunzo ya uimbaji kwa mwalimu Mwitaliano. Hamu yake ilikuwa kuingia katika opera, yaani michezo ya jukwaani ambayo hadithi yake yote huimbwa. Wazazi wake hawakuipenda njia hiyo.

Inasimuliwa kwamba siku moja alikuwa akipanda ngazi za jumba la opera kwenda kutafuta nafasi ya kuimba. Akiwa pale ngazini alijiwa na swali moyoni: je, maisha yake yatakuwa ya kujitukuza mwenyewe au ya kumtukuza Mungu? Aligeuka akashuka. Baadaye alijiunga na chuo cha kuwaandaa wamisionari mjini New York, kilichoanzishwa na Mchungaji A. B. Simpson. Mwaka 1890 alitengwa rasmi kwa huduma.

KONGO, NA KABURI LA NDUGUYE

Mwanzoni mwa mwaka 1891 alifika Kongo. Baada ya miezi michache nduguye John akamfuata ili wafanye kazi pamoja. Hawakukaa pamoja sana. John aliugua akafa mwaka huo huo. Peter alitengeneza jeneza kwa mikono yake, akachimba kaburi, akamzika nduguye wa tumbo moja. Sisi Wakamba tunajua kifo huleta watu wengi nyumbani, kila mmoja na jembe lake au sufuria yake. Kijana huyu wa miaka 24 aliibeba kazi hiyo ya mazishi mwenyewe. Pale kaburini alijitoa upya kwa ajili ya Afrika.

Lakini mwili ulikataa. Ugonjwa ulimlazimu kurudi Uingereza mwaka 1892, akiwa dhaifu sana. Akiwa London aliingia Westminster Abbey, mahali alipozikwa David Livingstone. Juu ya kaburi hilo limeandikwa neno la Yohana 10:16, kuhusu kondoo wengine wasio wa zizi hili. Scott alipiga magoti hapo akaomba. Alipoinuka alikuwa amekata shauri kurudi Afrika, safari hii upande wa mashariki.

SAFARI YA NZAUI

Maono yake yalikuwa makubwa: kujenga mstari wa vituo vya misheni kuanzia upande wa Mombasa, kupita bara, hadi Ziwa Chad, mahali ambapo wamisionari walikuwa hawajafika. Mwaka 1895 misheni ya Africa Inland ilianzishwa mjini Philadelphia. Tarehe 17 Agosti mwaka huo aliondoka New York na wenzake saba, akiwemo dada yake Margaret. Walipitia Zanzibar, wakafika Mombasa mwezi Oktoba.

Wakati huo reli ilikuwa haijafika bara. Kutoka Mombasa walitembea kwa miguu wakikata nyika kavu, wapagazi wakibeba mizigo. Majina ya wapagazi hao hatuyakuti katika masimulizi, lakini bila mabega yao hakuna ambacho kingefika. Tarehe 12 Desemba 1895 walifika Nzaui, chini ya mlima ule ulio katika Kaunti ya Makueni ya leo, wakaanza kituo cha kwanza. Hawakuwa wa kwanza kuileta Injili Ukambani: Ludwig Krapf alikuwa amefika kwa Kivoi kule Kitui mwaka 1849. Hata hivyo kituo cha Nzaui ndicho chanzo cha kanisa letu.

Kazi ilikwenda kwa kasi. Baada ya Nzaui vilifuata vituo vya Sakai, Kilungu na Kangundo. Katika mwaka huo mmoja Scott alitembea maili 2,600, yaani zaidi ya kilomita 4,000. Wazazi wake, wale waliomzuia asiende jukwaani, nao walihama Marekani wakamfuata huku Ukambani mwaka 1896, pamoja na dada yake mdogo.

KIFO CHAKE

Tarehe 4 Desemba 1896, Peter Cameron Scott alifariki huko Nzaui kwa homa kali ya malaria, ile inayogeuza mkojo kuwa mweusi. Alikuwa na umri wa miaka 29. Zilibaki siku nane tu atimize mwaka mmoja tangu afike Nzaui. Hakuacha mke wala mtoto. Hakuacha pia kundi kubwa la waumini.

Baada yake mambo yalizidi kuharibika. Baadhi ya wenzake walikufa, wengine wakaondoka. Ikaja njaa kuu ambayo wazee wetu waliiita Ng'omanisye, pamoja na ndui. Ulifika wakati misheni nzima ilibakiwa na mmisionari mmoja tu Ukambani. Mtu yeyote aliyefunga hesabu mwaka ule angesema kazi imekufa.

Haikufa. Charles Hurlburt alikuja kuiongoza, na mwaka 1903 makao makuu yakahamia Kijabe. Kutoka hapo kazi ilifika Tanganyika na Kongo. Agano Jipya la Kikamba likatoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Mwaka 1943 kanisa likachukua jina la Africa Inland Church, na mwaka 1971 misheni ikalikabidhi kanisa uongozi wa kazi yote. Chuo cha theolojia kilichoanzishwa Machakos mwaka 1962 kilipewa jina la Scott.

TUNACHOJIFUNZA

Mimi kama katibu ndiye ninayeweka daftari la mahudhurio. Wengi wenu mlioketi leo na sare mpya hamjui kwamba kuna kurasa zenye majina matano tu: sauti ya tatu hakuna, ya nne mtu mmoja. Jumamosi moja tulikaa tukajadili kama tuivunje kwaya. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema tuimbe kwanza, tutajadili baadaye. Tuliimba, na yale majadiliano hatujayarudia mpaka leo. Nilipofika pale misheni ilipobakiwa na mtu mmoja, niliziona kurasa zile.

Hapa Wamunyu tunaelewa jambo hili kuliko wengi. Mutisya Munge alirudi nyumbani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia na ujuzi wa kuchonga vinyago aliojifunza Tanganyika. Leo nani awezaye kuhesabu watoto waliosomeshwa kwa patasi hiyo? Anayeanza ni mmoja, na mara nyingi haoni mwisho wa kile alichokianza.

Nina neno pia kwa vijana wetu. Baadhi yenu mmeniuliza kama ni dhambi kupeleka sauti yako studio na kulipwa. Scott hakuniachia jibu la swali hilo, na mimi sitawatungia. Ninachokiona katika maisha yake ni kwamba alijiuliza mapema sauti yake itamtukuza nani, akiwa bado ngazini, kabla ya kuingia mlangoni. Ni vyema kila mmoja wetu asimame kwenye ngazi yake ajiulize.

Leo tutakapoimba wimbo wa kwanza, tuwakumbuke mwimbaji huyu, wapagazi wasiotajwa, na ndugu zetu wa kwaya waliotutangulia. Wao walianza. Zamu ni yetu.



Katibu wa Kwaya