Otenyo Nyamaterere: Shujaa wa Gusii ambaye kichwa chake kingali kinasakwa

KUANZIA milima ya Manga huko Kitutu hadi soko la Nyamarambe katika eneo la Mugirango Kusini, ni nadra kumpata mzee asiyelijua jina la Otenyo Nyamaterere. Hata hivyo, wengi wanajua siku moja tu ya maisha yake, ile ya Januari 1908 alipomchoma mkuki afisa Mwingereza. Mwaka aliozaliwa haukuandikwa popote. Jamaa zake wanaofuatilia nyayo zake hawana budi kutegemea masimulizi ya wazee, huku maisha ya aliyemchoma yakiwa yamejaa tele katika nyaraka za serikali.

Otenyo alikuwa wa ukoo wa Kitutu. Vijana wa zama zake waliishi katika ebisarate, kambi ambamo walilinda ng'ombe wa jamii dhidi ya wavamizi. Ng'ombe hawakuwa mali tu. Ndio waliolipa mahari, na kijana aliyepokonywa mifugo ya baba yake alipokonywa pia mke na boma la kesho.

Mashaka yalianza mwaka wa 1905, jeshi la Uingereza lilipoingia Gusii na kuwakabili kwa bunduki ya rashasha watu waliokuwa na mikuki na ngao. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwa katika msafara huo, alisimulia baadaye jinsi wapiganaji walivyoanguka kwa mamia. Miaka miwili baadaye, Waingereza walijenga kituo mahali ulipo mji wa Kisii leo na kumweka hapo kijana aitwaye Geoffry Northcote. Wenyeji, kwa kushindwa kulitamka jina hilo, walimwita Nyarigoti. Kodi ya nyumba ikafuata, na pamoja nayo unyakuzi wa mifugo.

Hapa ndipo anapojitokeza Moraa wa Ng'iti, mganga na mtabiri aliyeheshimika. Masimulizi yanatofautiana kuhusu udugu wake na Otenyo; wapo wanaosema alikuwa shangazi yake, wengine wanamtaja kama mama mlezi. Wanachokubaliana ni kwamba Moraa aliwasuta vijana kwa kuketi kitako mifugo ikiswagwa, akawataka wawaachie wanawake ngao zao ikiwa wameshindwa kuzishika. Yamkini maneno hayo yameongezwa chumvi kadiri yalivyorithishwa, lakini hakuna anayekana kwamba yalimwingia Otenyo.

Alijificha kando ya njia. Northcote alipopita akirejea kituoni baada ya kukamata ng'ombe, Otenyo alimrushia mkuki. Afisa huyo alijeruhiwa, ila hakufa.

Adhabu iliyofuata haikuwa na kifani. Askari wa King's African Rifles waliteketeza nyumba na mashamba, wakatwaa maelfu ya ng'ombe na kuwaua watu wengi. Mauaji hayo yaliishtua hata London. Winston Churchill, wakati huo naibu waziri wa makoloni, alituma simu akihoji haja ya kuendelea kuwaua watu wasio na kinga.

Otenyo mwenyewe alikamatwa na kuuawa. Kwa mujibu wa masimulizi ya Abagusii, alikatwa kichwa, kikapelekwa Uingereza kama ushahidi, na jamaa zake wakaachiwa kiwiliwili.

Northcote alipona na kupanda ngazi. Alikuwa Gavana wa British Guiana mwaka wa 1935, kisha Hong Kong kuanzia 1937 hadi 1941, na huko chuo cha ualimu kikapewa jina lake. Aliaga dunia mwaka wa 1948, miaka 40 baada ya Otenyo.

Wanaodai kichwa hicho hawako peke yao. Wanandi wanamlilia Koitalel arap Samoei, aliyeuawa Oktoba 1905 alipokwenda kwenye mkutano wa amani. Fimbo zake za uongozi zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka wa 2006, lakini si kichwa chake. Nchini Tanzania, Wahehe walingoja tangu 1898 hadi 1954 kabla ya fuvu linaloaminika kuwa la Mtwa Mkwawa kurudishwa kutoka Ujerumani na kuhifadhiwa Kalenga. Fuvu la Mkwawa lilikuwa limetajwa hata katika Mkataba wa Versailles wa 1919. La Otenyo halikutajwa katika mkataba wowote.

Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Kenya mwaka wa 2023, alikiri kwamba maovu yalitendwa wakati wa ukoloni, ingawa hakuomba msamaha rasmi. Miongoni mwa Abagusii, mtu huzikwa nyumbani kwake, akiwa mzima. Ndiyo maana katika boma za Kitutu, mazungumzo kuhusu Otenyo bado ni mazungumzo ya mazishi.