Padri Kagame alivyopima lugha yetu kwa mizani ya Wagiriki

HAPA Kajaga, mtoto aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania akikosea neno la Kirundi, wenzake humcheka. Wapo wanaoacha kabisa kukizungumza. Kwa ajili yao, na kwa wazazi wao wanaovuka mpaka kutafuta riziki, leo tumkumbuke Padri Alexis Kagame.

Alizaliwa mwaka 1912 huko Kiyanza, Rwanda, katika ukoo uliotunza habari za ufalme. Alisoma seminari, ambako Kilatini hakikwepeki, akapewa upadri mwaka 1941. Alihariri gazeti la Kinyamateka, huku akiwaendea wazee na kuandika tenzi za kifalme walizozihifadhi vichwani.

Mwaka 1952 alitoa kitabu juu ya utawala wa Rwanda kabla ya ukoloni. Wakoloni wa Kibelgiji hawakufurahi. Walilishinikiza Kanisa, naye akapelekwa Roma. Lakini safari hiyo ya kumweka mbali ndiyo iliyompa elimu ya juu.

Katika Chuo Kikuu cha Gregoriana alipata udaktari wa falsafa mwaka 1955. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa amevigawa vyote vilivyopo katika mafungu 10. Kagame alichunguza ngeli za Kinyarwanda, akaona manne yanatosha: umuntu, kiumbe chenye akili, ikintu, kisicho na akili, ahantu, yaani mahali na wakati, na ukuntu, yaani namna kitu kilivyo. Yote yana shina moja, -ntu.

Mrundi naye husema umuntu na ikintu. Mswahili husema mtu na kitu.

Wapo waliompinga. Paulin Hountondji wa Benin alishikilia kuwa falsafa ni kazi ya mtu anayefikiri na kuandika, si jambo lililofichika katika lugha ya watu wote. Kagame hakuacha. Mwaka 1976 alitoa kitabu kingine, safari hii akilinganisha lugha nyingi za Kibantu. Alifundisha pia katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Alifariki Nairobi, Desemba 2, 1981.

Mimi pia nilisomea ukimbizini, na Kirundi changu kiliwahi kuchekwa. Siku hizi darasani naandika ubaoni umuntu, na chini yake mtu. Watoto wenyewe huliona shina. Anayezijua lugha hizo mbili hajapotea njia. Ana milango miwili ya nyumba moja.