W.T. Stead: Mhariri aliyeonya kuhusu uhaba wa mashua, kisha akazama na Titanic

SINEMA ya Titanic iliyotolewa mwaka wa 1997 ingali na mashabiki wengi katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi. Mtaani Lucky Summer, mathalan, wapo walioitazama mara ya kwanza kwa kanda za video, wakairudia kwa DVD, na leo wanaitazama kwenye simu pamoja na watoto wao. Wanawajua Jack na Rose kama wanavyowajua majirani zao.

Hata hivyo, Jack na Rose ni wahusika wa kubuni. Miongoni mwa abiria halisi walioangamia usiku wa kuamkia Aprili 15, 1912 alikuwamo mwanahabari Mwingereza aitwaye William Thomas Stead. Miaka 26 kabla ya mkasa huo, Stead alikuwa amechapisha gazetini onyo kuhusu uhaba wa mashua za kuokolea abiria katika meli kubwa. Onyo hilo halikuzingatiwa.

Stead alizaliwa Julai 5, 1849 katika kijiji cha Embleton, kaskazini mwa Uingereza. Babake alikuwa mhubiri, na ndiye aliyempa sehemu kubwa ya elimu yake nyumbani. Alipofikisha umri wa miaka 14 aliajiriwa katika afisi ya mfanyabiashara mmoja mjini Newcastle. Mapenzi yake, lakini, yalikuwa katika kalamu. Mnamo 1870 alianza kuliandikia gazeti la Northern Echo la mjini Darlington, na mwaka uliofuata, akiwa ndio kwanza ameingia miaka ya ishirini, akateuliwa kuwa mhariri wake.

Mwaka wa 1880 alihamia London kuwa naibu mhariri wa Pall Mall Gazette, na mnamo 1883 akakabidhiwa usukani wa gazeti hilo. Hapo ndipo alipoubadilisha uandishi wa habari nchini humo. Alileta vichwa vya habari vikubwa, ramani na mahojiano na wakuu, mambo ambayo magazeti ya wakati ule yaliyaona kuwa kinyume cha heshima.

Bara la Afrika liliionja nguvu ya kalamu yake mapema. Mnamo Januari 1884 alimhoji Jenerali Charles Gordon, kisha akaendesha kampeni ya kuitaka serikali imtume jenerali huyo Sudan, ambako wafuasi wa Mahdi walikuwa wakipigana na utawala wa Misri. Serikali ilikubali. Mwaka mmoja baadaye, Januari 1885, Gordon aliuawa mjini Khartoum.

Yafaa msomaji Mwafrika afahamu kwamba Stead aliuunga mkono ukoloni wa Uingereza, na kwa miaka mingi alikuwa rafiki wa Cecil Rhodes. Urafiki huo uliingia dosari baada ya vita vya Makaburu kuzuka mwaka wa 1899, kwa kuwa Stead alivipinga hadharani, msimamo uliomgharimu wasomaji na marafiki.

Kampeni yake iliyovuma zaidi ilikuwa ya mwaka wa 1885, alipofichua biashara ya wasichana wadogo katika madanguro ya London. Ili kuthibitisha madai yake, alipanga njama ya kununuliwa kwa msichana wa miaka 13. Bunge lilitikisika na kupandisha umri wa msichana kuweza kuridhia mapenzi kutoka miaka 13 hadi 16. Stead mwenyewe alishtakiwa kwa kumchukua mtoto huyo bila idhini ya babake, akafungwa miezi mitatu. Tangu hapo, kila Novemba 10 alikuwa akivaa sare yake ya jela kuadhimisha siku hiyo.

Mnamo Machi 1886, muda mfupi baada ya kutoka kifungoni, alichapisha katika gazeti lake kisa cha kubuni kuhusu meli ya barua iliyogongana na nyingine katikati ya bahari ya Atlantiki. Katika kisa hicho, wengi walikufa kwa sababu mashua hazikutosha. Mwishoni mhariri aliongeza maelezo kwamba jambo hilo lingeweza kutokea kwa kweli, na lingetokea, iwapo meli zingezidi kuruhusiwa kusafiri bila mashua za kutosha. Mwaka wa 1892, katika jarida la Review of Reviews aliloanzisha mwenyewe, aliandika hadithi nyingine, safari hii ikihusu meli iliyogonga mwamba wa barafu.

Serikali haikukaa kimya kabisa. Kanuni za mwaka wa 1894 ziliitaka kila meli ya tani 10,000 na zaidi iwe na mashua zisizopungua 16. Kisha kanuni hizo zikasahauliwa huku meli zikizidi kukua. Titanic ilikuwa na takriban tani 46,000. Ilibeba mashua 20, zaidi ya zile zilizotakiwa na sheria, nazo zilitosha watu 1,178 pekee. Katika safari yake ya kwanza na ya mwisho ilikuwa na watu wapatao 2,200.

Stead aliabiri Titanic katika bandari ya Southampton mnamo Aprili 10, 1912, akielekea New York kuhutubia mkutano kuhusu amani katika ukumbi wa Carnegie. Alikuwa na umri wa miaka 62. Masimulizi ya manusura kuhusu saa zake za mwisho yanatofautiana: wapo waliosema alionekana akisoma kitabu kwa utulivu, na wapo waliodai aliwasaidia wanawake na watoto kuingia mashuani. Zaidi ya watu 1,500 waliaga dunia. Mwili wa Stead haukupatikana.

Kwa kuwa katika miaka yake ya baadaye aliamini kwamba binadamu anaweza kuwasiliana na wafu, mashabiki wa mkasa huu hupenda kumwita nabii aliyetabiri kifo chake. Dai hilo huwavutia wengi, na pia huwapunguzia lawama waliostahili lawama. Mwaka wa 1886 Stead hakuhitaji ndoto wala mizimu. Alihesabu abiria, akahesabu nafasi zilizomo mashuani, akaona hesabu hazilingani. Hesabu hiyo ingeweza kufanywa na mwenye meli yeyote, au na mkaguzi yeyote wa serikali.

Ilibidi watu wafe ndipo mkataba wa kwanza wa kimataifa kuhusu usalama wa abiria baharini utiwe saini mnamo Januari 1914. Filamu zilitangulia sheria: ya kwanza ilionyeshwa mwezi mmoja tu baada ya mkasa, mhusika mkuu akiwa mwigizaji Dorothy Gibson aliyenusurika katika meli hiyo hiyo.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna mikasa yetu ya hesabu zilizopuuzwa. Mnamo Aprili 29, 1994 feri ya Mtongwe ilizama mjini Mombasa ikiwa imejaa kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Mei 21, 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa na abiria wengi kuliko uwezo wake, na kuua mamia. Septemba 2018 MV Nyerere, iliyoruhusiwa kubeba watu 101, ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuua zaidi ya 200.

Mkaazi wa Lucky Summer yuko mbali na bahari, lakini anazijua hesabu hizi kila apandapo matatu iliyokwisha kujaa na utingo akaendelea kuita abiria. Kibao cha kumkumbuka Stead kingali kando ya mto Thames jijini London, na kingine kiko New York, mji ambao hakuufikia.