Lloyd Mathews: Jenerali aliyelijenga jeshi la Sultani wa Zanzibar

ASUBUHI ya Agosti 27, 1896, meli za kivita za Uingereza zililishambulia kwa mizinga kasri la Sultani mjini Zanzibar. Nchi kavu, upande wa Waingereza, walikuwapo askari wapatao 900 wa jeshi la Zanzibar lenyewe.

Jeshi hilo lilianzishwa miaka 19 kabla na Mwingereza, Lloyd William Mathews, kwa matakwa ya Sultani Barghash bin Said. Aliyekuwa ndani ya kasri siku hiyo ni Khalid, mtoto wa Barghash.

Mathews alizaliwa Machi 7, 1850, katika mji wa Funchal, kisiwani Madeira. Alijiunga na Jeshi la Wanamaji la Uingereza mwaka 1863, akapigana katika vita dhidi ya Waashanti, katika nchi ambayo sasa ni Ghana. Mwaka 1875 alipangiwa meli ya HMS London, iliyokuwa Zanzibar kupambana na biashara ya watumwa.

Hadi wakati huo, Sultani alitegemea zaidi askari wa Kiarabu na Kibaluchi. Mwaka 1877 Mathews alianza kuwaandikisha Waafrika na kuwafunza kwa taratibu za kijeshi za Ulaya, huku Uingereza ikitoa bunduki 500 aina ya Snider. Mwaka 1881 aliacha utumishi wa majini, akawa brigedia jenerali wa Sultani.

Utumishi huo ulimfikisha mbali. Mwaka 1885 alipanda hadi Kilimanjaro na kuwashawishi wakuu wa huko waikubali bendera nyekundu ya Sultani. Lakini muda mfupi baadaye Mangi Rindi wa Moshi alitia saini mkataba na Wajerumani, na kazi ile ikawa bure. Mwaka 1888 alitumwa Pangani kutuliza wananchi waliowakataa Wajerumani. Nako alilazimika kuondoka bila mafanikio.

Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, mambo yaligeuka. Mwaka uliofuata Mathews alifanywa Waziri wa Kwanza. Mtu aliyeajiriwa kumlinda Sultani sasa alisimamia serikali kwa niaba ya Waingereza.

Mtihani mkubwa ulikuja Agosti 25, 1896, alipofariki Sultani Hamad bin Thuwaini. Khalid aliingia kasri bila ridhaa ya Waingereza. Mathews, pamoja na kaimu balozi Basil Cave, alimwonya aondoke, naye akakataa. Askari waliobaki upande wa Waingereza waliongozwa na Arthur Raikes.

Mizinga ilinguruma kwa dakika zipatazo 38. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, baadaye akapelekwa Dar es Salaam, na Hamoud bin Mohammed akatawazwa.

Mwaka 1897, Mathews akiwa bado waziri, Sultani Hamoud alitoa amri iliyoifuta hadhi ya kisheria ya utumwa.

Jenerali huyo alifariki kwa malaria Oktoba 11, 1901, na kuzikwa Zanzibar. Alitumikia visiwa hivyo kwa miaka 24, lakini Waingereza na ukoo wa Barghash walipogongana, alichagua taifa lake.