John Kirk, daktari wa sanduku la picha

Ukipanda matatu Mombasa kwenda Malindi, Dabaso utaipita kabla hujajua. Kushoto kwako ni msitu wa Arabuko-Sokoke, kulia njia za vumbi zinashuka kuelekea Mida, halafu dakika chache tu konda anaanza kuita Gede, wa Watamu washuke. Huenda umeshashuka hapo mara kibao, ukalipa kiingilio, ukapiga selfi kwenye zile kuta za matumbawe, kisha ukaenda zako ufuoni.

Mwaka 1884 magofu hayo yalipata mgeni kutoka Unguja, Mskoti mmoja kwa jina Dkt John Kirk. Maandishi mengi huanza hadithi ya Gede naye, eti ndiye aliyeigundua. Hilo lisikubabaishe. Wenyeji walijua vizuri kwamba msituni mna mji uliohamwa. Kirk alikuwa tu mtu wa kwanza kutoka Ulaya kuacha habari kwamba amefika.

Kama umewahi kumsikia, basi ni kwenye somo la historia, pale mwalimu alipofika kwenye soko la watumwa la Zanzibar. Au umesoma kuhusu wanyama: digidigi mmoja ana jina lake, na hata yule kima punju wa Unguja, kwa jina la kisayansi, ni wa Kirk. Sehemu ambayo husikii ikitajwa ni kwamba mtu huyu alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kabisa kupiga picha upande huu wa Afrika, enzi ambazo kamera ilikuwa sanduku la mbao, si kitu cha kutia mfukoni.

Alizaliwa tarehe 19 Disemba 1832 huko Barry, Scotland, karibu na mji wa Arbroath, mtoto wa mchungaji. Akasomea udaktari Edinburgh na kufuzu 1854. Mwaka uliofuata akapelekwa Uturuki, kwenye hospitali ya Waingereza ya Renkioi, wakati wa vita vya Crimea. Hospitali yenyewe ilikuwa maajabu: ilichorwa na mhandisi Brunel, ikakatwa vipande vya mbao Uingereza, ikasafirishwa kwa meli na kuungwa huko huko. Lakini Kirk hakukaa wodini tu. Nafasi ikipatikana alipanda milima kuokota mimea, na picha alikuwa ameshaanza kuzipenda.

Mwaka 1858 David Livingstone alikuwa anakusanya timu ya kupanda Mto Zambezi, akamchukua Kirk awe daktari na mtaalamu wa mimea. Kazi ya kupiga picha hakupewa yeye. Alipewa Charles, mdogo wake Livingstone. Mambo ya kujuana, unaona, hayakuanza jana.

Hapa inabidi uielewe kamera yenyewe, la sivyo hutaona kilichotokea. Siku hizo hakukuwa na filamu ya kuviringisha. Kodak ya George Eastman ilikuja 1888, miaka 30 baadaye. Negativu ilikuwa kipande cha kioo au karatasi, na picha ilitoka kwa ukubwa ule ule wa negativu, kwa maana ilibanwa juu ya karatasi nyingine yenye dawa na kuanikwa juani. Ukitaka picha kubwa, unabeba kamera kubwa. Hakuna njia ya mkato.

Njia iliyokuwa na sifa wakati huo ni ya kolodioni mbichi, iliyotangazwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851. Unamimina ute juu ya kioo, unakichovya kwenye nitreti ya fedha, unapiga picha, unaisafisha, yote hayo kabla ute haujakauka. Ulaya ulikuwa na kama robo saa. Kwenye joto la Zambezi, ambapo etha iliyo ndani ya ute huo inaruka hewani ukiangalia, hata robo saa hupati. Charles alihangaika na picha zake, na kazi iliyobaki kwa jina lake ni kidogo mno.

Kirk, ambaye hakuna aliyemtuma, alikuwa na kamera yake. Alijaribu njia zaidi ya moja, na mojawapo ilikuwa karatasi ya nta, mbinu ya Mfaransa Gustave Le Gray. Karatasi inanyweshwa nta hadi ipitishe mwanga, inatiwa dawa, inakaushwa, kisha inaweza kusubiri siku kadhaa kabla ya kutumika. Hata baada ya kupigwa picha inasubiri tena kusafishwa, bora ikae gizani. Ubaya wake ni uvivu: lenzi inabidi iachwe wazi dakika nzima, pengine kadhaa. Mtu akikatiza mbele ya kamera anatoweka kama moshi. Lakini mbuyu hautembei, na Kirk alikuwa mtu wa mimea. Picha zake za mtoni, zikiwemo za korongo la Lupata za mwaka 1859, ndizo zilizodumu.

Tofauti ya watu hao wawili haikuwa bei ya kamera. Mmoja alikuwa na cheo cha mpiga picha, mwingine alikuwa na subira ya kuharibu, kuosha na kuanza upya mpaka dawa ikubaliane na hali ya hewa. Mimi hapo naona somo kuliko lote la Zambezi, maana safari yenyewe ilikuwa balaa. Meli yao iliitwa Ma Robert, yaani mama Robert, kwa jina la mkewe Livingstone, kama tunavyoitana huku kwetu. Ilivuja mpaka ikazama mwaka 1860. Mwaka huo huo mtumbwi wa Kirk ulipinduka kwenye maporomoko ya Kebrabasa, mahali ambapo leo pamefunikwa na bwawa la Cahora Bassa, akapoteza mabuku manane ya maandishi yake na karibu michoro 100 ya mimea. Yeye mwenyewe alinusurika kidogo tu. Mwaka 1863, akiwa mgonjwa na amechoka, akarudi kwao.

Sasa fikiria: miaka mitano mtoni, hakuna duka, hakuna fundi. Kitu kikilegea unakikaza mwenyewe. Na kiliwezekana kukazwa, kwa sababu kamera za aina ile hazina siri. Mbele kuna lenzi, nyuma kuna kioo cha ukungu kama kile cha dirisha la bafu, katikati kuna giza. Sura inatua kwenye kioo ikiwa kichwa chini miguu juu, unaiweka sawa ukiwa umejifunika kitambaa cheusi, kisha unatoa kioo na kuweka negativu. Kifuniko cha lenzi ndicho kilikuwa swichi: unakitoa kwa mkono, unahesabu, unakirudisha.

Kwa hivyo ukiikuta kamera ya mbao kwa babu, au umeiona imewekwa dukani kama pambo la watalii, usiikimbilie na msasa. Rangi yake ya zamani ikishatoka hairudi, na shaba iliyong'arishwa mpaka ikawa kama sufuria mpya imeshapoteza nusu ya thamani. Anza na giza. Subiri usiku, washa tochi ya simu, itie ndani ya sanduku na ulizunguke kwa nje. Kila nyota ndogo utakayoiona ni tundu linaloingiza mwanga. Kama kamera ni ya baadaye kidogo, yenye mfuko wa mikunjo kama akodiani, matundu mengi yatakuwa kwenye kona za mikunjo. Ziba kwa ngozi nyembamba au kitambaa cheusi na gundi inayokubali kukunjika. Tepu achana nayo, kwa joto letu hili gundi yake inayeyuka na kugandisha mikunjo yote.

Mbao nazo zina majira. Wakati wa masika huvimba, na ule mlango wa nyuma hukataa kabisa kufunguka. Fundi mwenye haraka ataupiga randa. Mwache! Subiri kaskazi likaushe hewa, mbao zitarudi zenyewe. Ukishazipunguza, kila kiangazi zitacheza na kuingiza mwanga. Lenzi ikiwa na kuvu, ile michirizi kama utando wa buibui, ifute kwa kitambaa laini na dawa kidogo sana, usiizamishe kwenye spiriti, kwa sababu lenzi nyingi za zamani zimeunganishwa vioo viwili kwa utomvu ambao spiriti huula. Kioo cha ukungu kikivunjika unaweza kutengeneza kingine nyumbani: vioo viwili, maji kidogo, unga wa kusagia, na mkono unaozunguka polepole bila hasira. Filamu za bapa bado zinatengenezwa na kina Ilford na Kodak, lakini si rahisi mfukoni. Karatasi ya kawaida ya picha nyeusi na nyeupe inatosha kuwa negativu, na hapo utakuwa unafanya jambo lile lile alilofanya Kirk.

Turudi kwake, maana kuna vanishi ya kuzungumzia. Mwaka 1866 alihamia Zanzibar, daktari wa ofisi ya ubalozi wa Uingereza, na mwaka uliofuata akaoa huko huko, mkewe akiwa Helen Cooke. Moja ya biashara kubwa za Unguja ilikuwa sandarusi, utomvu mgumu uliochimbwa ardhini bara, ambao Wamarekani na Wazungu waliugombania kwa ajili ya vanishi ya samani na magari ya farasi. Kirk alionyesha kwamba ile sandarusi ya kuchimba ilitoka kwenye mti wa aina ile ile inayotiririsha utomvu hadi leo, ila imezikwa zamani mno. Mti huo bado unaota Arabuko-Sokoke. Ukiwa Dabaso ni kuvuka barabara tu.

Picha aliendelea kupiga, na Mbweni alipanda bustani ya majaribio. Lakini siasa ilimmeza. Stanley aliporudi kutoka kumtafuta Livingstone alimshambulia hadharani, akidai kwamba alimtelekeza mzee wake. Mwaka 1872 serikali yake ilimtuma Sir Bartle Frere amshawishi Sultan Barghash kukomesha biashara ya watumwa, akashindwa. Kazi ikamwangukia Kirk, na ujumbe alioupeleka ulikuwa mfupi: saini, au manowari zitafunga bandari. Barghash alisaini tarehe 5 Juni 1873. Soko likafungwa, na hakuna mwenye akili atakayelilia soko lile.

Ila kitisho cha manowari kikishafanya kazi mara moja, kitatumika tena. Mwaka 1885 zilikuja za Wajerumani, zikaelekeza mizinga Unguja, zikidai bara. Barghash alimtegemea Kirk, rafiki wa miaka mingi. London ikamwamuru Kirk amshauri Sultan akubali. Akamshauri. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakaa na kumkatia Sultan ukanda wa maili 10 kutoka baharini, wao wakagawana yaliyobaki. Gede na Dabaso zote zimo ndani ya ukanda huo, ule ule unaosikia wazee wakiuita mwambao wanapoanza mabishano ya mashamba. Kirk aliondoka Zanzibar mwaka huo huo, akiwa na cheo cha Sir na, nadhani, na kinyongo chake.

Huyo ndiye mtu mmoja, usimgawe. Aliyesubiri dakika nzima karatasi ya nta inywe mwanga wa mbuyu ndiye aliyembebea Barghash kitisho cha manowari, kisha akamwambia asalimu amri.

Alifariki tarehe 15 Januari 1922 huko Sevenoaks, Uingereza, akiwa na miaka 89. Mimea aliyoikusanya iko Kew, picha na karatasi zake nyingi ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Magofu ya Gede yalitangazwa kuwa mnara wa kihistoria mwaka 1927, na 2024 UNESCO ikayaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwanga mzuri humo ndani ni wa asubuhi mapema, kabla jua halijapanda juu ya mibuyu na vivuli havijawa vikali. Ukienda na kamera kubwa na stendi yake ya miguu mitatu, ulizia kwanza langoni kuhusu kibali, na uwabane kima mkia wako wa kitambaa cheusi. Wanapenda kuvuta.