Chelimo alidhulumiwa Barcelona. Na sisi, twamdhulumu nani?

Waulize vijana wa hapa Mombasa wakutajie wanariadha wa Kenya. Wataanza na Eliud Kipchoge, wataongeza David Rudisha na Faith Kipyegon, kisha watanyamaza. Richard Chelimo hamtaji mtu. Leo nataka nimweleze, kwa sababu kila nikisikia mkimbiaji wetu mwingine amefungiwa kwa dawa za kusisimua misuli, yeye ndiye anayenijia akilini. Si kwamba alikuwa na kesi ya dawa, hapana. Chelimo alikuwa upande wa pili, upande wa mwenye kudai haki yake.

Alizaliwa Aprili 21, 1972 huko Marakwet, nyanda za juu upande wa mashariki ya Eldoret. Kwao mbio ni jadi. Mdogo wake, Ismael Kirui, alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 1993 na 1995. Binamu yao, Moses Kiptanui, alitwaa ubingwa wa dunia wa kuruka viunzi na maji mara tatu. Chelimo mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 10,000 mwaka 1990, kule Plovdiv, Bulgaria. Mwaka uliofuata, mjini Tokyo, alishindana na watu wazima akapata fedha nyuma ya Mkenya mwenzake Moses Tanui. Wa tatu siku hiyo alikuwa Khalid Skah wa Morocco.

Wawili hao walikutana tena Agosti 3, 1992, fainali ya Olimpiki ya Barcelona. Chelimo alikuwa na miaka 20 tu. Aliongeza kasi mpaka wenzake wote wakaachwa, akabaki yeye na Skah. Zikiwa zimesalia takriban raundi tatu, wakamfikia Mmorocco mwingine, Hammou Boutayeb, ambaye walikuwa wamemzidi kwa mzunguko mzima. Kwa kawaida mtu wa namna hiyo huwapisha wanaogombea ushindi. Boutayeb hakupisha. Alijitia katikati yao, mara mbele ya Chelimo, mara ubavuni mwake, hata msimamizi mmoja akajaribu kumshika amtoe uwanjani. Uwanja mzima ulikuwa ukizomea. Mwisho wa mbio Skah akachomoka, akashinda kwa sekunde moja hivi.

Kenya ikalalamika, Skah akapokonywa ushindi, na usiku huo bingwa wa Olimpiki akawa Chelimo. Morocco nayo ikakata rufaa, na kesho yake dhahabu ikarudi kwa Skah. Alipopanda jukwaani kuvishwa medali, mashabiki walimzomea, na Chelimo wakamshangilia. Skah amekana siku zote kwamba walipanga lolote na mwenzake, na haki yake ya kukana tumpe. Lakini hakuna hata mmoja aliyesimama akasema kosa hili ni langu.

Wakati huo nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi, na nakumbuka mabishano ya barazani. Wako waliosema tuwaache Wamorocco, ni ndugu zetu katika dini. Mzee mmoja akawakata kauli: dhuluma haina dini, na aliyedhulumiwa hata akiwa wa mbali ndiye wa kusimama naye. Wakanyamaza.

Chelimo hakukaa kulia. Julai 5, 1993, mjini Stockholm, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 kwa dakika 27 na sekunde 7.91. Ilidumu siku tano tu, Yobes Ondieki akaivunja Oslo na kuwa mtu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Mwezi Agosti, Stuttgart, Chelimo akapata shaba. Baada ya hapo mwili haukumpa tena, akaacha mbio angali kijana. Alifariki Eldoret, Agosti 15, 2001, kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 29. Siku kama hiyo mwaka 2024 Eldoret ilitawazwa kuwa jiji, Jiji la Mabingwa kama wenyewe wanavyoliita.

Sasa njooni kwenye kinachoniuma. Barcelona tumeililia zaidi ya miaka 30, na tuna haki ya kulia. Lakini tujiulize: mkimbiaji wetu akidungwa dawa akashinda, nyuma yake yuko nani? Yuko Chelimo wa watu wengine. Rita Jeptoo alishinda Boston Marathon Aprili 21, 2014, siku ambayo Chelimo angetimiza miaka 42. Baadaye akapatikana na EPO, na mwaka 2016 mahakama ya michezo ikamfungia miaka minne na kumpokonya ushindi huo. Aliyekuwa wa pili ni Buzunesh Deba wa Ethiopia. Siku ya kupigiwa makofi mbele ya watu ilikwisha kumpita, na fedha za ushindi alizisubiri kwa miaka mingi. Haya, hapo tofauti yetu na tuliowalaumu Barcelona iko wapi?

Tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kupambana na pufya, na tuna shirika lake, ADAK. Kanuni za dunia ziko wazi: kinachopatikana mwilini mwa mwanariadha ni jukumu lake, awe amekijua au hakukijua. Na anayekiri mapema akakubali adhabu hupunguziwa mwaka mmoja katika ile miaka minne. Hata hivyo bado twasikia daktari alinidunga, sikujua, dawa ilikuwa ya mtu mwingine. Wako wanaodanganywa kweli, siwakatai. Tena wako wauzaji, waganga na mawakala wanaokula jasho la vijana hawa, nao wasiachwe. Lakini kusema nimekosa hakuhitaji wakili.

Nawaambia haya vijana wetu wa Pwani pia, wa mpira, wa ndondi na wa kunyanyua vyuma. Skah ana dhahabu yake kabatini, na maelezo hayamwishi mpaka leo. Chelimo aliondoka na fedha, na hakuna aliyewahi kumuuliza aliipataje.