Paul Otlet

Paul Otlet (Brussels, 23 Agosti 1868 – Brussels, 10 Desemba 1944) alikuwa mwanasheria na mtaalamu wa bibliografia kutoka Ubelgiji. Anajulikana hasa kwa kuanzisha, pamoja na rafiki yake Henri La Fontaine, orodha ya kadi iliyokusudiwa kutaja kila kitabu na kila makala iliyowahi kuchapishwa duniani, na kwa mfumo wa kuainisha maarifa kwa namba ambao bado unatumika katika maktaba za nchi nyingi.

Maisha ya awali

Otlet alizaliwa katika familia tajiri. Baba yake, Édouard, alijipatia mali kwa biashara ya tramu katika nchi mbalimbali. Mama yake alifariki Paul akiwa na umri wa miaka mitatu. Baba aliamini kwamba darasa hudumaza akili ya mtoto, hivyo alimwajiria mwanawe walimu wa nyumbani hadi miaka 11. Paul alikua na marafiki wachache na vitabu vingi. Baadaye alisoma kwa Wajesuiti, kisha akasomea sheria na kuhitimu mwaka 1890.

Mwaka 1888 alichapisha kijitabu kuhusu Afrika, wakati Kongo ilipokuwa chini ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Humo alitetea wazo la wakoloni kwamba Waafrika walihitaji kustaarabishwa na watu kutoka nje. Wanaomsifu leo mara nyingi hawakitaji.

Orodha ya kadi

Uwakili haukumpendeza. Katika makala ya mwaka 1892 alidai kwamba kitabu ni chombo kibaya cha kutunzia habari: mwandishi hupanga mambo apendavyo, na msomaji anayetafuta jambo moja hulazimika kulichimbua katikati ya mengine yasiyomhusu. Bora kila habari iandikwe kwenye kadi yake, ili iweze kuhamishwa na kuunganishwa na nyingine.

Mwaka 1895 yeye na La Fontaine walianzisha Taasisi ya Kimataifa ya Bibliografia mjini Brussels. Kufikia mwisho wa mwaka huo walikuwa na kadi 400,000 hivi. Lakini kadi nyingi zisizo na mpangilio hazimsaidii mtu. Waliomba ruhusa kwa Mmarekani Melvil Dewey kuutafsiri na kuupanua mfumo wake wa namba za desimali. Dewey alikuwa ameipa kila mada namba yake. Otlet na wenzake waliongeza alama za kuunganisha namba hizo. Kwa mfano, 63 ni kilimo na (493) ni Ubelgiji, hivyo 63(493) ni kilimo nchini Ubelgiji. Nukta pacha huonyesha uhusiano: 17 ni maadili na 7 ni sanaa, basi 17:7 ni maadili kuhusiana na sanaa. Kwa njia hiyo mada ambayo hakuna aliyeifikiria kabla iliweza kupewa mahali pake. Toleo kamili la kwanza la mfumo huo, unaoitwa Uainishaji wa Desimali wa Ulimwengu, lilitoka miaka 1904–1907.

Watu walituma maswali kwa posta, wakalipa ada na kupokea nakala za kadi zilizohusika. Mwaka 1912 maswali yalipita 1,500. Hatimaye kadi zilizidi milioni 12, na kila moja ilipaswa kuandikwa na kuwekwa kwenye mtoto wake wa kabati kwa mkono.

Vita na Mundaneum

Mwaka 1913 La Fontaine alipata Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka uliofuata vita vilianza, na mwana wa Otlet, Jean, aliuawa katika mapigano ya mto Yser. Otlet aliandika sana kutetea kuundwa kwa shirika la mataifa litakalozuia vita.

Baada ya vita serikali ilimpa nafasi katika jumba la Cinquantenaire, Brussels, kwa makumbusho na orodha yake, ambayo baadaye iliitwa Mundaneum. Mwaka 1934 serikali hiyohiyo iliyafunga. Mwaka huohuo alitoa kitabu chake kikubwa, Traité de documentation, alimowaza meza isiyo na vitabu, yenye skrini na simu, ambapo msomaji angeletewa kurasa kutoka mbali.

Mwaka 1940 jeshi la Ujerumani lilipoiteka Ubelgiji, vyumba vilichukuliwa kwa maonyesho ya sanaa na sehemu kubwa ya mkusanyo ikaharibiwa. Masalio yalihamishiwa jengo lingine katika bustani ya Leopold. Otlet alifariki miaka minne baadaye.

Mwaka 1968 mtafiti W. Boyd Rayward alizikuta karatasi zake katika jengo hilo, zimejaa vumbi. Tangu mwaka 1998 kadi zilizosalia zinaonyeshwa katika mji wa Mons, na mwaka 2013 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya Kumbukumbu ya Dunia.